Ua Wetu wa Masale

Ua wa nyumba yetu hapa Karatu ni wa masale, na una mapengo. Wageni hudhani mbuzi wa jirani ndio wanaoula. Si mbuzi. Ni mume wangu, Herbert Mtui, ambaye tangu anioe hakuwahi kutamka neno samahani kwa kinywa chake mwenyewe. Akikosa, anatoka nje, anakata jani la isale, analifunga fundo, kisha analiweka mahali ambapo lazima nilione: juu ya cherehani, ndani ya sufuria, na siku moja ndani ya kiatu changu cha kanisani. Kwetu Marangu, Uchagani, isale ni mmea wa mpaka wa shamba, na ndilo hilo hilo tunaloombea radhi. Ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa, hata kama moyo bado unachemka. Herbert analijua hilo vizuri mno. Mtu akitaka kujua ndoa yetu imepitia nini, atembee kando ya ua aangalie mashina yaliyokatwa vichwa.

Miche tulitoka nayo Marangu, tumeiviringisha kwenye gunia bichi, tulipohamia huku kufuata maisha ya utalii. Mimi ni fundi cherehani. Nashona suruali za waongoza watalii, sare za shule na majoho ya kwaya. Herbert alikuwa dereva, anashusha wageni kreta ya Ngorongoro na kuwapandisha, mpaka kiuno kilipomgomea. Daktari alimwambia achague kati ya barabara na uti wa mgongo. Akachagua uti wa mgongo, lakini akaninunia mimi, utadhani barabara niliichonga mimi.

Mwanamume aliyezoea usukani akikaa nyumbani ni shida. Aliniambia pindo langu limepinda. Aliwapangia kuku njia ya kupita. Nilikuwa karibu kumrudisha kwao ndipo akapata la kufanya. Madereva wa kukodiwa hapa mjini wana umoja wao, na siku zote ugomvi wao ulikuwa mmoja: mgeni akipiga simu anataka gari, zamu ni ya nani? Waligawana kwa kelele kwenye kundi la WhatsApp, na mwenye kidole chepesi ndiye aliyekula. Herbert akasema atatengeneza programu ya kupanga zamu. Binti yetu Winnie anafanya kazi za kompyuta Dodoma, na masika nzima alimfundisha baba yake kwa simu, kwa subira ambayo hakuirithi kwa yeyote kati yetu. Meza ya kompyuta ikaingia kwenye chumba changu cha kushonea, tukawa tunatazamana, mimi na cherehani yangu, yeye na mashine yake. Umeme ukikatika, mimi naendelea kukanyaga, yeye anabaki anatazama kioo cheusi. Siku hizo nilizifurahia.

Winnie alipokuja Krismasi akafungua mashine ya baba yake, akajishika kichwa. Ndani mlikuwa na faili linaloitwa zamu, na lingine zamu mpya, na zamu mpya kabisa, na zamu ya mwisho, na zamu ya mwisho ya kweli, na moja linaloitwa usiguse. Herbert mwenyewe alikuwa hajui lipi linafanya kazi. Alisema ni usiguse, lakini hakuligusa kuhakikisha.

"Baba," Winnie akasema, "programu inakuwa moja tu. Historia yake inakaa nyuma yake, na siku yoyote unarudi kuitazama." Akamwekea kitu kinaitwa git, akamfundisha amri zake akiwa amesimama nyuma ya kiti, mimi napinda mikono ya mashati na kusikiliza. Ukiandika git add, unachagua vipande ulivyomaliza, unaviweka pamoja. Git commit, unavifunga furushi moja na kuandika juu yake umefanya nini. Git push, furushi linakwenda kwenye ghala lililoko mtandaoni. Git pull, unachukua kule yale ambayo mwenzako ameyapeleka. Nikamwambia Winnie mbona hayo ndiyo ninayofanya na nguo za wateja kila Ijumaa. Herbert akasema nisiwachanganye.

Amri alizishika. Ila maneno ya kuandika juu ya furushi yalimshinda, kwa sababu aliandika kama alivyozoea kuzungumza na madereva wenzake kwenye redio ya gari. Nimepita. Nimekwama. Nimekwama tena. Nimetoka. Akigundua kosa kwenye programu aliandika, Naona simba. Winnie alimpigia kutoka Dodoma kumweleza kwamba mtu mwingine akisoma hataelewa. Herbert akamwuliza ni mtu gani huyo mwingine, na kwa nini anasoma mambo yake.

Mtu huyo alikuja mwenyewe, kushonewa suruali. Alikuwa Mwalimu Fabian Tluway, anafundisha hesabu sekondari, mwenyeji wa Endamarariek. Nikampima kiuno, nikamwambia asubiri. Katika kusubiri akachungulia meza ya pili, akasema kwa upole kwamba dereva wa mwisho kwenye foleni ile hatapata zamu mpaka Yesu arudi. Herbert alimchukia mpaka chai ilipoiva. Baada ya chai alimvutia kiti, na tangu siku ile Mwalimu akitoka shuleni alipitia kwetu na mashine yake begani. Kila mmoja alikuwa na nakala yake, wanakutana kwenye lile ghala la mtandaoni. Walibishana kama watu waliosoma darasa moja. Mwalimu alimwita Herbert Mzee wa Zamu, na siku asipokuja Herbert aliniuliza mimi kwa nini hakuja.

Maandishi ya Mwalimu yalikuwa mengine kabisa. Yeye aliandika barua. "Nimegawa kazi ya kupanga foleni katika sehemu ndogo ndogo, ili dereva ambaye gari limeharibika asipoteze nafasi yake. Mzee Mtui, naomba ukague." Chini yake furushi la Herbert linasema, Nimepita.

Basi ikafika wiki ya mkutano. Umoja wa madereva ulikubali kuiangalia programu Jumamosi, kabla msimu wa wageni haujachanganya. Wakiipenda, wanaijaribu, wasipoipenda, wanabaki na kelele zao. Herbert alikonda. Tangu ashuke kwenye usukani, madereva walikuwa wakimsalimia kama wanavyosalimia mfiwa, kwa sauti ya chini na kumshika mkono muda mrefu. Alilichukia hilo kuliko maumivu ya kiuno. Alitaka wamhitaji tena, na mimi nilimtakia hivyo hivyo, maana nilikuwa namwona.

Shule zilikuwa zimefungwa, Mwalimu amekwenda kwao kuvuna maharage. Huko alifanya kazi kwa umeme wa jua, anapanda kilimani palipo na mtandao mzuri na kutuma. Herbert naye huku akawa anaandika, ukurasa ule ule, bila kumwambia mwenzake. Asubuhi moja akafanya git push, ikakataliwa. Mashine ikamwambia ghalani kuna kazi ambayo yeye hana. Akafanya git pull kuichukua, na hapo kioo kikajaa alama ambazo hakuwahi kuziona. Juu safu ya mishale, katikati mstari wa alama za sawasawa, chini safu nyingine ya mishale. Juu ya mstari, maneno ya Herbert. Chini ya mstari, maneno ya Fabian, mahali pale pale.

Winnie alikuwa amemwonya siku nyingi: ukiona hivyo usiogope, ni kwamba watu wawili wamegusa sehemu moja. Kaa chini, soma pande zote mbili, chagua kinachofaa, au mpigie mwenzako. Lakini Herbert hakuona watu wawili waliogusa sehemu moja. Aliona ua. Na kwa mwanamume wa ukoo wa Mtui, ua uliosimama mahali ambapo jana haukuwapo ni jambo zito. Baba yake na baba yake mdogo walishitakiana kwa ajili ya masale yaliyohamishwa, kesi ikawazeesha, na wamezikwa upande huu na upande ule wa ua huo huo bila kuelewana. Herbert alilelewa na kesi ile kama wengine wanavyolelewa na uji.

Akasimama. "Amevuka mpaka," akasema.

"Nani?"

"Mwalimu. Ameingia kihambani kwangu, kwenye shamba langu. Foleni niliipanda mimi, yeye anakuja kuniwekea mstari katikati."

"Mpigie simu, Baba Winnie."

"Simpigii mtu aliyehamisha mpaka."

Akafuta ile pull, akarekebisha neno moja kwenye ukurasa wake, akafunga furushi, na juu yake akaandika: Nimeondoa takataka. Kisha akaituma kwa nguvu. Ipo amri ya hivyo, unaongeza neno force, na ghala linatupa lililokuwa nalo na kupokea la kwako bila kuuliza. Winnie alimtajia siku moja ili tu amwambie hataihitaji kamwe. Herbert akakumbuka hilo neno na akasahau yaliyofuata, akaliingiza kama dereva anavyoingiza gia nzito kwenye tope. Likapita. Akaomba chai.

Nikamwuliza kazi ya Mwalimu iko wapi sasa. Akasema ipo. Nikamwambia anionyeshe. Akafungua ghala. Sehemu ya gari bovu haikuwapo. Barua zote za Mwalimu za wiki ile hazikuwapo. Palikuwa na Nimekwama, Nimetoka, na juu kabisa, Nimeondoa takataka.

Sasa dereva gari likimkorofisha hufanya nini? Huzima, akawasha upya. Herbert akafuta folda lote kwenye mashine yake, akalivuta jipya kutoka ghalani, akitumaini ya Mwalimu yatarudi nalo. Likaja lile lile la kwake. Ndipo akampigia Winnie, na mimi nikaweka mkasi chini nisikilize.

"Baba, maji yaliyomwagika kwenye git huzoleka," Winnie akasema. "Ulipovuta kazi yake, ilibaki ndani ya mashine yako. Tutaitoa sasa hivi. Hilo folda si liko hapo hapo?"

Herbert akajikuna kisogo.

"Baba. Folda liko wapi?"

"Nimelifuta."

"Na kikapu cha takataka?"

"Nimekimwaga. Nilikuwa nasafisha."

Kabla Winnie hajajibu, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Herbert, akausoma kwa sauti bila kufikiri. "Mzee Mtui, shikamoo. Nimeona mtandaoni. Kumbe kazi yangu ni takataka. Basi nami naiondoa kwangu, nisikuchafulie." Akachukua simu yangu, akampigia. Simu ya Mwalimu ilikuwa imezimwa.

"Baba, nisikilize," Winnie akasema. "Mashine ya Mwalimu ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani. Akiifuta, imekwisha. Nenda."

Herbert akatoka nje na panga. Nilidhani anakwenda kwenye gari, kumbe amekwenda kwenye ua. Safari hii hakukata jani moja. Alikata kichwa kizima cha isale bora kuliko yote, lile la getini, akalifunga fundo la heshima kama lile alilomletea baba yangu siku ya posa. Hapo nikajua ameogopa. Nami nikachukua kilo ya sukari na majani ya chai, nikaingia garini kabla hajasema nibaki.

Barabara ya Endamarariek si rafiki wa kiuno. Aliendesha amejifunga mkanda wa mgongo, isale limelala kwenye kiti cha nyuma.

"Utamwambia nini?" nikamwuliza.

"Isale litasema."

"Mwalimu ni Mwiraqw, Baba Winnie. Isale linajua Kiiraqw?"

Akapunguza mwendo. Hakuwa amelifikiria hilo. Kisha akaongeza mwendo tena.

Uani tulimkuta Bibi Sabina, nyanya yake Mwalimu, anapepeta. Alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Kiswahili chake ni kidogo, Kiiraqw chetu ni cha sokoni, lakini salamu zilikwenda, za watoto, za ng'ombe, za mvua, hakuna kilichorukwa. Herbert akamkabidhi isale kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, ili amtunzie mpaka Mwalimu aje. Bibi akalipokea kwa mikono miwili pia, akashukuru sana, akazunguka nalo nyuma ya nyumba. Kisha akatuletea ugali na maziwa mgando. Neno lolote kabla ya kula lingekuwa utovu wa adabu, kwa hiyo Herbert akala, huku macho yakiwa kwenye njia ya shambani. Mimi nilikula vizuri.

Mwalimu akapanda kutoka shambani, vumbi la maharage mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama." Hakusema Mzee wa Zamu. Akakaa kwenye gogo, mbali kidogo, akatazama miguu yake.

Herbert akamgeukia Bibi. "Bibi, lile jani langu liko wapi?"

Mwalimu akatafsiri. Bibi akajibu kwa furaha. Mwalimu akasita, akasema, "Anasema asante, amempa ndama. Anasema ndama amelipenda."

Tukageuka wote. Ndama alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi, anatafuna taratibu, na fundo la heshima lilikuwa linaning'inia mdomoni mwake. Tukiwa tunatazama, likaingia. Tuliambiwa baadaye kwamba aliharisha kidogo, lakini alipona.

Sijawahi kumwona Herbert akiwa hana kitu mkononi kiasi kile. Alinitazama mimi. Nikatazama kuku. Nilimwonea huruma, sitasema uongo, lakini niliapa moyoni sifungui mdomo, kwa sababu nimelishwa majani yale miaka yote na siku hii nilikuwa naingoja bila kujua.

Akaanza na barabara, kwamba imeharibika. Akaenda kwenye mvua. Akafika kwa baba yake na baba yake mdogo, masale yaliyohamishwa, baraza la kata, makaburi mawili. Mwalimu alikuwa ameinua uso, anajaribu kuelewa Marangu imeingiaje. Hapo sauti ya Herbert ikakatika, akaanza upya.

"Mwalimu. Niliona mpaka mahali ambapo hapakuwa na mpaka. Nilipaswa kukupigia simu, sikukupigia. Kazi yako ni nzuri, mimi nisingeiweza. Lile neno ndilo takataka, na nililiandika mimi." Akafuta jasho. "Samahani."

Alilisema kama mtu anayetema mfupa. Lakini alilisema, na mimi nililisikia, na macho yangu yakaingia maji nikasingizia vumbi la maharage.

Bibi akauliza kitu. Mwalimu akamtafsiria. Bibi akasema tena, na Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza.

"Anasema nini?" Herbert akauliza.

"Anauliza, mzee mzima umeendesha gari mpaka huku kwa ajili ya neno fupi hivyo?"

"Mwambie ni fupi kwake," nikasema. Sikuweza kujizuia.

Herbert akakusanya nguvu za swali lililomleta. "Umeshaifuta?"

Mwalimu akapangusa mikono kwenye suruali, ile niliyomshonea. "Nilifungua nifute, mzee. Nilikuwa na hasira kweli. Nikasema kabla sijafuta nisome historia tangu mwanzo, nione hizo takataka zilianza lini. Nikasoma Nimekwama. Nikasoma Nimekwama tena. Nikafika Naona simba, siku ile foleni ilipompa zamu dereva aliyekufa, ukainuka na kiti chako kikaanguka. Nikacheka peke yangu humo ndani mpaka Bibi akaja kuangalia." Akainuka kuchukua mashine. "Mtu akishacheka hawezi kufuta. Nikazima simu tu, ili uumie."

"Nimeumia," Herbert akasema.

Wakaiweka mashine kwenye benchi, simu ya Mwalimu ikawashwa na kutundikwa dirishani ilikopata mtandao wa kubahatisha. Mwalimu akafanya git pull. Ule ua ukasimama tena kwenye kioo, mishale, mstari, mishale. Safari hii walikuwa wawili mbele yake. Walisoma neno kwa neno, huyu akisema la kwako libaki, yule akisema hapana la kwako ndilo zuri, wakaanza kubishana kwa adabu mpaka nikawaambia watabaki na mistari miwili hivyo hivyo. Ukweli, foleni ya Herbert ilibaki, na sehemu ya gari bovu ya Mwalimu ikaingia ndani yake bila kusukumana. Maneno ya Mwalimu yalikuwa yanafuata foleni tu ilivyoelekea. Hayakuwa yamehamisha kitu. Mishale ikafutwa, mstari ukafutwa.

Herbert akasogea karibu. "Mwalimu, lile neno langu halifutiki? Kwenye historia?"

"Linafutika. Kwa ile ile amri ya nguvu."

"Basi lifute."

"Hapana, mzee. Likae. Ukilifuta, atakayekuja ataona tumepatana na hatajua tuligombana. Wewe andika la juu yake." Akamsogezea mashine.

Herbert akatazama herufi kwa muda. Bibi alimaliza kupepeta, akaanza kuchambua. Nilijua anatafuta neno la redio. Nilimwona akiandika Nimep, akafuta. Mwishowe akaandika polepole, kidole kimoja, akabonyeza kabla hajabadili mawazo, na furushi likaenda ghalani bila nguvu yoyote. Nikainama kusoma. Lilisema: Samahani Mwalimu. Isale limeliwa na ndama.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa madereva ni Mzee Olais wa Endulen, mtu wa maneno machache, naye alikaa mbele kabisa mikono imekunjwa. Programu ilionyeshwa ukutani na ilitembea vizuri. Dereva gari lake likaharibika humo ndani ya programu, nafasi yake ikamngoja, na watu wakapiga makofi kwa sababu wote magari yao yameshawahi kuharibika. Kisha Herbert, kwa furaha, akabonyeza pasipotakiwa, historia nzima ikatokea ukutani kwa herufi kubwa.

Watu wakasoma. Mmoja akauliza simba alionekana wapi, maana wiki ile kreta ilikuwa kavu. Kisha Elisaria, dereva kutoka Kilema, akasimama taratibu. "Mwenyekiti, samahani. Pale juu pameandikwa isale limeliwa na ndama. Nataka kujua isale hilo lilikuwa limeshapokelewa, au lilikuwa bado? Kwa sababu kama lilikuwa bado, hilo jambo halijaisha." Wachaga waliokuwemo wakaitikia kwamba swali ni la msingi. Kukawa na mjadala mrefu kuliko ule wa programu. Mwalimu Fabian ndiye aliyesimama akasema lilipokelewa na nyanya yake kwa mikono miwili, na yeye mwenyewe alipokea yaliyosemwa baada ya hapo, na kwake yana uzito kuliko jani.

Mzee Olais akauliza swali lake moja. "Ndama hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Basi tuijaribu msimu huu," akasema.

Sasa hivi simu ya Herbert haitulii. Herbert, zamu yangu lini? Herbert, mbona huyu amenipita? Hakuna anayemshika mkono muda mrefu. Wanamgombeza kama zamani. Yeye analalamika kutwa kwamba hapumziki, na usiku anakoroma vizuri.

Juzi alikuwa anabishana na dereva kwenye simu, akarusha mkono, kikombe cha chai kikamwagikia joho jeupe la kwaya nililolimaliza asubuhi ile. Alitazama joho, akanitazama, akatoka nje. Nikamsikia akichukua panga. Nikaendelea kukanyaga cherehani, nikawaza litakuwa limewekwa wapi safari hii.

Alikaa nje kidogo. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. Akasimama mbele ya cherehani, nami nikaacha kukanyaga.

"Mama Winnie," akasema. "Samahani."

Nikamwambia cherehani ilikuwa inapiga kelele, sikusikia, arudie.

Akarudia.

Cherehani ilikuwa imesimama kitambo. Na lile isale la getini limeanza kuchipua.